Kutoka Bikari Hadi Kompyuta: Uchambuzi wa Kisa cha Mchora Nakshi wa Lamu

Oda yenyewe ilikuwa nyepesi kuisema. Mwenye nyumba ya wageni huko Shela alitaka picha ya turubai ya sentimita 60 kwa 90 ya kutundika sebuleni: ua kubwa katikati, ukanda wa nakshi pande zote nne, na juu ya ua Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, kama ionekanavyo juu ya milango ya kale. Mbao hakutaka. Alitaka picha ya kuchapishwa, ili baadaye nakala ndogo ziuziwe wageni. Aliyepewa kazi ni fundi wa makamo wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, aliyekulia katika karakana ya ami yake na ambaye mkono wake unajulikana mji mzima kwa miimo na vizingiti. Kwenye kompyuta alikuwa mgeni bado.

Tunakichambua kisa chake kwa sababu hakukwama pale watu wanapodhani msanii wa mkono atakwama. Kuchora alikujua. Yaliyomtesa ni mambo ambayo mkono huyaamua wenyewe, kimyakimya, kazi ikiendelea: hapa punguza, pale nyosha, ua la mwisho libane kidogo lienee. Kompyuta haiamui lolote kati ya hayo. Inangoja iambiwe, na inataka tarakimu.

Alichokuja nacho

Nakshi ya kijiometri ya visiwa vya Lamu, hasa ile ya michoro mifupi ya patasi inayohusishwa na Siyu na Wabajuni, haichorwi kwa kukisia. Fundi hufungua bikari akapiga duara, kisha bila kubadili ufunguo wake akautembeza mguu wa bikari juu ya duara lilelile. Hatua sita zinamrudisha alipoanzia. Kutoka kila kituo anapiga tao linalopita kitovuni, na matao yakikutana ua la petali sita limekwisha kuzaliwa. Hakuna kipimapembe wala hesabu ya maandishi. Akitaka petali 12 anagawa nafasi katikati. Akitaka nane anaanza na msalaba. Saba ndiyo yenye kero. Haipatikani kwa rula na bikari kwa ukamilifu wa kihisabati, kwa hiyo mafundi huitafuta kwa kufungua na kufunga bikari kidogo kidogo, hadi hatua ya saba iangukie penye alama ya kwanza.

Ukiutazama vizuri, huo ni mpango wa hatua wenye kanuni na marudio, na programu ya kompyuta si kitu kingine. Vera Molnár, mchoraji mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi zake Paris, alianza mwaka 1959 kuchora kwa kufuata kanuni alizojitungia, hatua kwa hatua, kwa mkono, kana kwamba yeye ndiye mashine. Kompyuta yenyewe aliifikia mwaka 1968. Mwenzake Georg Nees, aliyeonyesha michoro ya kompyuta huko Stuttgart mwaka 1965, alitokea upande wa hisabati. Waanzilishi wengi wa sanaa ya kompyuta walitokea huko. Molnár alitokea kwenye penseli, na ndiyo maana njia yake inamfaa zaidi fundi wa Langoni kuliko njia ya Nees.

Hata Lamu kwenyewe hili la kubeba ufundi kutoka chombo kimoja hadi kingine si geni. Muhammad Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, alinakili hati, akatunga tenzi na akachonga mbao. Kalamu na patasi zilikaa mkono mmoja.

Picha ya simu, na kwa nini haikufaa

Alianza walipoanzia wengi: alipiga picha mlango wa kale kwa simu, akaiingiza picha kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchora kwa vekta (mistari inayohifadhiwa kama hesabu, si kama vidoa), akaiamuru ifuatishe mistari yenyewe. Kilichotoka kilikuwa na maelfu ya nodi, yaani vituo vinavyoshika mstari. Programu haijui lipi ni petali na lipi ni ufa wa mbao. Kila kivuli na kila uzi wa mti uligeuka mstari. Maua nayo yalikuwa yamepinda. Lenzi pana ya simu ikisogezwa karibu huvimbisha katikati ya picha, na mpigaji akisimama chini akainua simu, sehemu ya juu ya mlango hujibana.

Tiba ya kupinda ni umbali. Simama mita tatu au zaidi kama ujia unaruhusu (na vichochoro vya mtaa wa Mkomani mara nyingi haviruhusu), vuta kwa zumu badala ya kusogea, na simu iwe usawa wa katikati ya mlango. Bandika futi ya fundi pembeni ionekane ndani ya picha, la sivyo hutajua ukubwa wa kitu baadaye. Pale ambapo ujia ni mwembamba, njia bora ni ya zamani: karatasi nyembamba juu ya mbao, krayoni ikilazwa ubavu na kusuguliwa taratibu. Mlango wenye rangi inayobambuka usiusugue kabisa, na mlango wa watu huombewa ruhusa kwanza. Karatasi hiyo ikaskaniwa kwa pikseli 300 kwa inchi, vipande vikipandana sentimita mbili au tatu ili viungike.

Ila hata skani nzuri haifuatishwi. Inawekwa chini kama kivuli, ikafifishwa na kufungwa isisogee, na nakshi ikajengwa upya juu yake kwa kanuni ileile ya bikari. Duara kuu lina nusukipenyo cha sentimita 15. Kwenye mzingo wake kuna vituo sita. Maduara mengine mawili ya ukubwa uleule, moja kitovu chake kituo cha kwanza na jingine kituo cha tatu, hukatana. Ukibakiza makutano tu, unapata petali moja kamili inayotoka kitovuni hadi kituo cha pili. Petali hiyo haihitaji zaidi ya nodi mbili zenye vishikio, vile vijiti vya kuupindia mstari. Linganisha na maelfu.

Wapo wanaosumbuliwa na habari kwamba duara la vekta si duara la kweli. Ni kweli: hujengwa kwa vipande vinne vya mpindo wa Bézier, na vishikio vyake huwa na urefu wa 0.5523 ya nusukipenyo. Kosa lake halizidi asilimia 0.03. Kwa duara la sentimita 15 hiyo ni kama sehemu nne za mia za milimita. Ncha ya penseli ya seremala ni nene mara nyingi zaidi ya hapo.

Petali ikishapatikana inazungushwa mara sita kwa nyuzi 60. Hapa fundi alipata fundo la manyoya badala ya ua, petali zote zimelaliana mahali pamoja. Sababu ni kwamba kila kitu katika Inkscape kina kitovu chake cha kuzungukia, na kwa kawaida kiko katikati ya kitu chenyewe. Bofya petali mara ya pili, alama ndogo ya msalaba itaonekana. Iburute hadi kitovu cha duara kuu. Ukitumia zana ya nakala zilizopangwa, weka safu moja na nguzo sita, mzunguko wa nyuzi 60 kwa kila nguzo, na uondoe ule msogeo wa pembeni ambao zana huuweka yenyewe. Ukiusahau, petali zitatembea kulia badala ya kuzunguka.

Kalamu iliyochora mayai

Katikati ya haya alinunua tableti ndogo ya kuchorea, ya mitumba, yenye eneo la sentimita 15 hivi kwa 9.5. Alipochora duara kwa mkono, kioo kilionyesha yai lililolala. Alidhani kalamu ni mbovu, na karibu aiuze.

Umbo la tableti lilikuwa 16 kwa 10, kioo cha laptopu 16 kwa 9. Programu ya tableti ilinyosha eneo lote la moja lijaze lote la jingine, kwa hiyo kila kitu kilitanuka ubavuni kwa asilimia 11. Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kulazimisha uwiano sawa. Ukikitia alama, ukanda mwembamba wa tableti unakufa na mayai yanarudi kuwa maduara. Tatizo la pili halina kisanduku. Mchonga mlango huchora kwa bega, na tableti ya sentimita 15 mbele ya kioo cha sentimita 34 hugeuza kila sentimita ya mkono kuwa zaidi ya mbili kiooni. Mtetemo mdogo unakuwa mkubwa. Alichofanya ni busara: kalamu ikabaki kwa vivuli na rangi, nakshi yote ikajengwa kwa vekta na tarakimu. Tableti kubwa ingesaidia, lakini si kitu cha kukopea pesa mwanzoni.

Ukanda usiofika pembeni

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na mafunzo zaidi, na ndipo wengi wanaofundisha uchoraji wa kompyuta hupita mbio.

Ukanda wa nakshi ni kipande kimoja kinachorudiwa. Fundi alikuwa na kipande chake akipendacho cha sentimita 7.5, alichokitumia kwenye miimo miaka na miaka. Juu ya mbao hakijawahi kumsumbua, kwa sababu kabla ya kuchonga huutembeza bikari kwenye mwimo mzima, na pakibaki kipande hufungua ufunguo kwa unywele akaanza tena. Mwimo wa sentimita 186 ukigawanywa kwa 7.5 unatoa vipande 24.8. Kwa bikari anavifanya 25, kila kimoja sentimita 7.44, na hakuna jicho la binadamu linaloona tofauti hiyo ya chini ya asilimia moja. Hajui kwamba amegawanya. Mkono umegawanya.

Kwenye kompyuta alinakili kipande cha 7.5 kuanzia kushoto kwenda kulia. Picha ni 60 kwa 90, ukanda una upana wa sentimita 6, na kila pembe imekaliwa na mraba wa 6 kwa 6 wenye ua dogo. Zinabaki sentimita 48 upande mfupi na 78 upande mrefu. 48 kwa 7.5 ni 6.4. 78 kwa 7.5 ni 10.4. Kila upande ulimalizika kwa kipande kilichokatwa shingo. Alijaribu kuficha kwa kupanua mraba wa pembe, na pembe zikavuta macho kuliko ua la katikati.

Njia iliyomtoa ni kuanza na pembe, si na kipande. Toa upana wa ukanda pande zote mbili, kisha tafuta urefu wa kipande unaogawa pande zote mbili bila baki. 48 na 78 zote zinagawanyika kwa 6: vipande 8 juu, vipande 13 ubavuni. Kipande cha 7.5 kilichorwa upya kuwa 6, si kufinywa kwa kipanya, maana ukikifinya, unene wa mistari nao unafinyika na ukanda unaonekana umetoka karakana nyingine. Kwenye Inkscape kuna chaguo la kuacha unene wa mistari ubaki ulivyo wakati kitu kinapobadilishwa ukubwa; liangalie kila mara kabla ya kugusa lolote, kwa sababu linabaki vile ulivyoliacha mara ya mwisho.

Na hesabu ya vipande, iwe ya shufwa au witiri? Ami yake alipendelea witiri kwenye upande mrefu, ili kipande kimoja kikae katikati sawasawa na ua kubwa. 13 ni witiri. Upande wa juu una 8, na katikati yake pana kiungo; kwa bahati maandishi yapo chini yake tu, na jicho halibaki hapo.

Vipimo viwili vilivyodanganya

Mchoro wa kwanza aliuanzia kwenye ukurasa wa A4, akiamini kwamba vekta hukuzwa bila kuharibika. Hukuzwa kweli. Ila A4 ni 21 kwa 29.7, na uwiano wake ni 1.41, wakati 60 kwa 90 ni 1.5. Alipouvuta ukurasa ujaze turubai, upana ulizidishwa mara 2.86 na urefu mara 3.03. Ua likarefuka asilimia 6. Hakuliona, alikuwa amelitazama mno. Ami aliliona kutoka mlangoni, kabla hajakaa: "Ua hili limesimama dede, mwanangu." Dawa ni kufungua ukurasa wa ukubwa wa mwisho tangu siku ya kwanza.

Udanganyifu wa pili ni wa hila zaidi. Jamaa alimpa faili ya zamani ya ukanda, na kila kitu ndani yake kilitoka kidogo: cha sentimita 30 kilipimwa 28.1. Inkscape hadi toleo la 0.91 ilihesabu pikseli 90 kwa inchi moja, kuanzia 0.92, lililotoka 2017, inahesabu 96, kufuata kanuni ya kurasa za wavuti. 90 kwa 96 ni 0.9375, na 30 ikizidishwa hapo ni 28.1. Faili ya zamani inapofunguliwa programu huuliza ifanye nini, na swali hilo ndilo watu hulifunga bila kulisoma.

Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote, alichapisha picha nzima kwa ukubwa wake kwenye karatasi za kawaida za duka la saiba. Karatasi za A4 zikilazwa na kupandana sentimita moja, 15 zinatosha: tatu kwa upana, tano kwa urefu. Kila karatasi ilichorewa mstari wa sentimita 10 pembeni, na mstari huo ukapimwa kwa rula. Wa kwanza ulitoka 9.7, kwa kuwa printa ilikuwa imeachwa kwenye mpangilio wa kubana ukurasa uenee. Badilisha iwe asilimia 100, upime tena.

Ua lililokufa

Zile karatasi 15 zilipobandikwa ukutani, ami alikaa nazo kwa muda, kisha akasema ua ni sahihi lakini limekufa. Alikuwa na haki. Petali sita zilikuwa nakala ya petali moja, na mlango wa mkono hauna petali mbili zinazofanana kabisa.

Hapa fundi alihitaji kuacha kipanya na kuandika programu fupi. Alitumia Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo huja na kobe wa kuchorea, yaani alama inayotembea kiooni ikiacha mstari, mrithi wa kobe wa lugha ya Logo iliyoanzishwa 1967. Kobe anaamriwa kwa maneno anayoyaelewa fundi wa bikari: chora tao la nyuzi 60 kwa nusukipenyo cha 15, geuka kushoto nyuzi 120, rudia mara mbili, petali imekwisha. Geuka nyuzi 60, rudia yote mara sita. Kisha katika kila petali mwambie achezeshe pembe kwa nyuzi isiyozidi 0.8 kila upande, na urefu kwa asilimia moja juu au chini. Akizidisha ikafika asilimia tano, ua linaonekana limechorwa na mtu mwenye homa. Kiasi hiki hakikutoka kitabuni; kilipatikana kwa kuchapisha ua kwa viwango tofauti na kumwachia ami achague.

Makosa mawili hapa kila mwanafunzi huyapitia. Ua la pembeni alilitaka la petali saba. 360 kwa 7 ni 51.43, naye akaandika 51. Saba mara 51 ni 357, na nyuzi tatu zilizobaki ziliacha pengo la karibu milimita 1.6 kwenye ua lenye nusukipenyo cha sentimita 3. Kwenye ua la sentimita 15 pengo lingefika milimita 8. Usimwandikie kobe jibu. Mwandikie hesabu, 360 gawanya kwa 7, aifanye mwenyewe. La pili linauma zaidi: alipata ua zuri mno, akafunga programu bila kuhifadhi, na kila alipoiendesha tena ikampa ua jingine. Bahati nasibu ya kompyuta huanza na namba iitwayo mbegu. Ukiitaja mbegu, tuseme 41, programu itakupa ua lilelile leo na mwakani. Tangu hapo jina la kila faili yake linabeba mbegu yake.

Rangi, uzito wa faili, na laptopu ya GB 4

Nakshi ilibaki vekta, lakini rangi ya nyuma, yenye madoa ya chokaa ya kale, aliipaka kwenye Krita, programu ya kupaka rangi, na huko ni pikseli, yaani vidoa vya rangi. Aliambiwa 300 kwa inchi, akatii. Sentimita 60 kwa 90 kwa 300 ni pikseli 7,087 kwa 10,630, yaani milioni 75. Kila pikseli inachukua baiti nne, kwa hiyo tabaka moja lililojaa ni MB 300. Matabaka kumi ni GB 3, na laptopu yake ilikuwa na kumbukumbu ya GB 4 ambayo mfumo wenyewe ulishaila sehemu. Kila mpigo wa brashi ulifuata mkono baada ya sekunde kadhaa, hadi programu ikajifunga.

Turubai inayotazamwa kutoka mita moja na zaidi, nayo ina nyuzi zake za kitambaa zinazomeza udogo wa namna hiyo, haihitaji 300. Kwa 150 kwa inchi, idadi ya pikseli inashuka hadi robo. Hata baada ya kuongeza sentimita tano kila upande, ambazo tutaziongelea sasa hivi, tabaka moja la 70 kwa 100 ni MB 98 tu. Ukingo wa nakshi hauathiriki, kwa kuwa vekta huongezwa juu mwishoni.

Sentimita tano hizo ni za mbao. Turubai huvutwa juu ya fremu na kukunjwa nyuma yake. Fremu ya unene wa sentimita 2.5 hula hizo, na zilizobaki ni za kupigia pini nyuma. Asingeziongeza, sehemu kubwa ya ukanda wa nakshi ingekunjwa ubavuni na nyuma ya fremu. Eneo hilo hujazwa rangi ya nyuma tu, bila nakshi.

Stima ya kukatika tuiseme kwa ufupi: hifadhi kwa jina jipya kila hatua, weka nakala kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na usihifadhi faili kubwa betri ikiwa imekwisha na umeme unapepesa.

Herufi zilizoachana

Bismillahi ilikuwa nzuri kwenye kioo chake. Duka la uchapishaji la Mombasa lilipofungua faili na kurudisha picha ya kuhakikisha, herufi zilisimama mbalimbali, kila moja peke yake, na zikasomeka kutoka kushoto. Herufi za Kiarabu hubadili umbo kulingana na jirani zake, na si kila programu inayojua kuziunganisha. Tena fonti aliyoitumia haikuwemo kwenye kompyuta ya duka, ikabadilishwa na nyingine. Kinga ni moja: kabla ya kutuma, geuza maandishi yawe njia za vekta. Hapo si maandishi tena, ni michoro, na hakuna kompyuta itakayoyapanga upya. Weka pembeni nakala yenye maandishi hai, maana yaliyogeuzwa hayahaririki.

Bahati yake hitilafu ilionekana kiooni. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani, hata ikiwa imeharibika, na fundi yeyote wa Lamu anajua ugumu wa kukaa na rundo la nakala mbovu za namna hiyo. Maandishi huhakikishwa kwanza, ndipo wino umwagwe.

Kuchapisha na kusafirisha

Buluu ya bahari aliyoipenda kiooni ilitoka imefifia. Kioo hutoa mwanga, wino huumeza. Buluu-kijani kali sana haziwezi kufikiwa na wino wa kawaida wa rangi nne, kwa hiyo aliiomba duka imchapishie kipande cha sentimita 10 kwa 15 chenye rangi zote za picha kwenye turubai ileile, akairekebisha buluu kwa kutazama kipande hicho mchana, kando ya dirisha, wala si usiku chini ya taa. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi za nakshi ya kale, hazikumpa taabu. Faili ilitumwa ikiwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa vioo vya kompyuta, na kugeuzwa dukani kwa wasifu wa printa yao, yaani faili inayoeleza rangi ambazo printa hiyo inaweza kuzitoa.

Kuhusu wino, uliza kabla ya bei. Wino wa rangi iliyoyeyuka huanza kufifia haraka penye jua na huvuja penye unyevu. Wa pigmenti hustahimili zaidi. Kwa nyumba iliyo hatua chache kutoka ufukweni hakuna cha kujadili.

Turubai ilisafiri kwa basi hadi Mokowe na kwa mashua kuvuka, imekunjwa picha ikiwa nje, ndani ya bomba la PVC la inchi 4, midomo imezibwa kwa nailoni na utepe. Ukiikunja picha ikiwa ndani, wino hubanwa na huweza kupasuka itakaponyoshwa. Ukutani haikubandikwa moja kwa moja. Kuta za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na chumvi, kwa hiyo nyuma ya fremu viliwekwa vipande vya kizibo vya sentimita moja na nusu hewa ipite, na kabari ndogo kwenye pembe za fremu za kuikazia turubai itakapolegea masika.

Oda ya pili imekuja kutoka kwa mteja yuleyule: nakala za sentimita 45 kwa 60. Kupunguza ile ya kwanza hakuwezekani, uwiano ni mwingine. Kwa ukanda wa sentimita 6 zingebaki 33 na 48, ambazo zinagawanyika kwa 3 tu, na kipande cha sentimita 3 ni kidogo mno kwa nakshi hii. Kwa ukanda wa sentimita 5 zinabaki 35 na 50: vipande 7 juu, 10 ubavuni, kila kimoja sentimita 5. Safari hii witiri imeangukia upande wa juu, na ami bado hajatoa kauli yake.